Boti Iko Kisiwani, Sisi Tuko Dodoma: Jinsi ya Kupunguza Gharama ya Kuegesha Bila Kuipoteza Boti

Wadau habari zenu. Najua mtu akisikia Dodoma na boti kwenye sentensi moja anashangaa, maana huku kwetu ukitaka kuona maji mengi unaenda Hombolo au Mtera, lakini tupo wengi tu tuliohamia huku na ofisi kutoka Dar tukaacha boti zetu ndogo za kutembelea visiwani, wengine Unguja, wengine Mafia, wengine Ukerewe kule ziwani, na kila mwaka bili ya kuegesha inapanda. Sisi tuko wanne, boti yetu ni ya faiba futi 19, mashine moja ya nyuma. Tulivyoanza tulikuwa tunalipa elfu 60 kwa mwezi, mwaka huu tumeletewa laki moja na themanini. Mara tatu! Na boti yenyewe mwaka jana mzima tumeipanda mara sita.

Piga hesabu hapo. 180,000 mara miezi 12 ni 2,160,000, gawa kwa safari sita unapata 360,000 kila safari, na hapo hujaweka mafuta wala nauli ya treni. Mke wangu aliponionyesha hiyo hesabu kwenye kikaratasi nilikaa kimya kabisa. Wenzangu wawili walitaka tuuze, na mimi sikutaka kwa sababu watoto wangu wamejifunza kuogelea pembeni ya boti ile, kwa hiyo nikaanza kuuliza mabaharia, wazamiaji, wavuvi na watu wa bandari, nikajifunza mengi ambayo ningeyajua mapema tungeokoa hela nyingi sana. Nayaandika yote hapa.

Anza na bili yenyewe

Bandari nyingi zinatoza kwa urefu wa boti. Sasa urefu gani? Hapo ndipo watu wengi tunaliwa bila kujua. Kuna urefu wa bodi na kuna urefu wa kila kitu kilichochomoza, yaani mashine ya nyuma, ngazi ya kuogelea, chuma cha nanga kule mbele. Boti yetu ya futi 19 ilikuwa imeandikwa 22 kwa miaka miwili na hatukuwa tumesoma, tulikuwa tunatuma hela tu kwa simu. Nenda na futi kamba, pima mwenyewe, piga picha, halafu uliza kwa upole wanapima kutoka wapi hadi wapi. Kama sheria yao inahesabu mashine basi sawa, ndiyo sheria yao, lakini ngazi inayofunguliwa kwa nati nne unaweza kuitoa ukaihifadhi ndani.

Omba mchanganuo. Kwenye hiyo laki na themanini, boya, yaani lile dude linaloelea unalofungia boti, ni kiasi gani, ulinzi kiasi gani, boti ndogo ya kukupeleka na kukurudisha kiasi gani, kodi kiasi gani. Sisi tulikuta tunalipia kupelekwa na kurudishwa kila mwezi wakati miezi minane hakuna hata mmoja wetu aliyekanyaga kisiwani. Hiyo tukaomba ilipwe siku ukiitumia, wakakubali bila hata kubishana.

Halafu kuna suala la dola. Visiwani ni sehemu za utalii na bei nyingi zilizoea kutajwa kwa dola, kwa hiyo shilingi ikishuka bili yako inapanda hata kama hakuna aliyeamua kuipandisha. Serikali ilitoa kanuni 2025 zinazokataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa humo. Kama bado unaletewa bili ya dola una haki ya kuomba bei ya shilingi, na risiti ya mashine juu yake.

Niseme pia ukweli kwamba siyo kila ongezeko ni uonevu. Ghuba iliyokingwa na upepo haiongezeki ukubwa, boti zinaongezeka, minyororo na maboya mengi yanatoka nje, na chuma kikikaa kwenye maji ya chumvi kinaliwa kila siku uwe umepanda boti au hujapanda. Bandari inayobadilisha minyororo yake kwa wakati inatumia hela nyingi, na mimi niko radhi kabisa kulipia mnyororo mzuri. Nisichotaka ni kulipia miezi ambayo boti inalala tu inapigwa mawimbi.

Kalenda ya bahari na kalenda ya Dodoma

Hili ndilo lililotuokoa, na naomba ulisome taratibu.

Kaskazi inavuma kama Desemba hadi Machi. Inafuata masika, bahari na mvua vinachafuka. Kisha kusi inashika, na Juni, Julai, Agosti ndio inakuwa kali, mawimbi yanakuwa makubwa na boti ya futi 19 haina kazi huko nje, labda ndani ya ghuba tu. Mwezi wa tisa wa kumi inapoa. Kwa boti ndogo ya starehe miezi mitamu ni Oktoba na Novemba, na tena Februari hadi katikati ya Machi.

Sasa weka kalenda ya kwetu. Bunge la bajeti linaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, na wewe kama uko serikalini au unafanya kazi na serikali unajua hiyo miezi mitatu hakuna likizo wala wikiendi ya maana, mko Mtumba, mji wa Serikali, mpaka usiku. Shule zinafunga Juni, watoto wanataka kwenda baharini, lakini Juni ndio kusi iko kazini. Kwa hiyo kuanzia Aprili hadi Agosti, miezi mitano, boti haipandwi, ama kwa sababu ya kazi ama kwa sababu ya upepo, na hiyo ndiyo miezi ambayo mnyororo unafanya kazi ngumu kuliko yote. Tulikuwa tunalipa bei kamili kuiweka boti sehemu ya hatari wakati wa hatari kwa faida ya hakuna mtu.

Jibu ni kuitoa majini miezi hiyo mitano. Kwetu sisi hesabu ilikuwa hivi: kuilipia miezi saba ni 1,260,000, tukaipandisha juu hapohapo kisiwani kwenye eneo la fundi kwa elfu 50 kwa mwezi, miezi mitano 250,000, vijana wa kuipandisha elfu 80 na kuishusha elfu 80. Jumla 1,670,000. Tumeokoa 490,000 kwa mwaka, kila mmoja 122,500. Siyo hela ya kujenga nyumba lakini ni nauli ya treni kwenda na kurudi na bado inabaki, na boti imepumzika.

Unaongeaje na bandari usipoteze nafasi yako

Hofu ya kila mtu ni kwamba ukitoa boti, boya lako anapewa mwingine na ukirudi unaambiwa subiri. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini angalia, Julai na Agosti ni msimu mkubwa wa watalii na boti za wageni zinapita, bandari inaweza kuwakodishia boya lako kwa siku, na bei ya siku huwa juu kuliko ya mwezi ukigawanya. Kwa hiyo hauendi kuomba msaada, unawapelekea kitu. Sisi tulituma ujumbe huu kwa msimamizi, unaweza kuuchukua ubadilishe:

"Assalaam aleykum mzee wangu. Sisi ndio wenye boti ya futi 19 iliyopo boya la pili kutoka gatini. Bili ya mwaka huu tumeipokea. Ombi letu, kuanzia Aprili mosi hadi Agosti 31 tutaitoa boti majini, boya libaki mikononi mwenu mlikodishe kwa wageni wanaopita, na sisi mtuwekee nafasi yetu ifikapo Septemba mosi. Miezi saba tutailipa yote kwa mkupuo kabla haijaanza. Mkiridhia tunaomba tuandikiane. Shukran sana."

Hiyo ya kulipa kwa mkupuo ndiyo iliyowavutia, aliniambia mwenyewe nilipoenda, kwamba watu wa bara shida yao ni kulipa leo na kupotea miezi mitatu. Na kweli tulikuwa hivyo, kwa hiyo tukafungua kikoba kidogo cha boti, kila mmoja anaweka hela yake tarehe 25 mshahara ukiingia. Nenda ana kwa ana angalau mara moja. Treni ya mwendokasi ya asubuhi inakufikisha Dar ndani ya masaa manne, unapanda boti ya abiria, jioni uko Unguja unaongea na mtu mkiwa mmekaa. Kwa simu usingepata nusu yake. Na msiache kuandikiana, msimamizi akihamishwa maneno ya mdomo yanahama naye.

Wazo la kuweka boya lako mwenyewe

Wengi wakiona bei wanasema mimi natupa zege langu chini nafunga boti yangu, basi. Inawezekana lakini kwa ruhusa. Huwezi kwenda kujitupia uzito popote, kwa Zanzibar kuna mamlaka ya usafiri baharini na shirika la bandari, bara kuna TASAC wanaosimamia usafiri wa majini na mamlaka ya bandari, na chini huku kuna kamati za wavuvi, BMU, na kwa Unguja na Pemba sheha lazima ajue. Mafia ndio zaidi, kuna Hifadhi ya Bahari tangu 1995 na matumbawe yake siyo ya kuangushia vyuma.

Ukipata ruhusa, tafadhali usibahatishe uzito. Zege likiingia baharini linapoteza nguvu nyingi kuliko watu wanavyodhani. Tofali la zege la tani moja likizama linabaki na uzito wa kama kilo 570 tu, nyingine inabebwa na maji. Chuma kinapoteza kidogo, tani moja ya chuma chakavu, mabloku ya injini na kadhalika, inabaki zaidi ya kilo 850. Ndio maana wazee wa pwani wanapenda mabloku ya injini, ila yaoshwe mafuta yote kwanza, usimwagie samaki oili.

Urefu wa mnyororo hesabu yake ni kina wakati maji yamejaa, siyo wakati umesimama hapo yamekupwa. Pwani yetu siku za bamvu, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji yanapanda na kushuka kama mita nne. Tuseme maji yakipwa pana mita 3, yakijaa ni 7, ongeza mita 1 kutoka maji hadi pua ya boti, hiyo ni 8. Kwa boya la kudumu lenye uzito wa kutosha mara tatu ni mita 24. Ukitumia nanga ya kawaida badala ya uzito unahitaji mara tano mpaka saba, yaani mita 40 hadi 56, na boti inazunguka duara kubwa sana, jirani zako hawatafurahi. Nimesoma kwamba kule Avalon, bandari ya kisiwa cha Catalina, California, nafasi ni ndogo kiasi kwamba boti zinafungwa mbele na nyuma ili zisizunguke, zinapangwa kama magari. Kwa ghuba yetu yenye pepo mbili zinazogeuka hiyo inahitaji uangalifu, upepo ukikupiga ubavuni na umefungwa pande zote mbili boti haiwezi kugeuza pua kuukabili.

Sehemu inayoliwa haraka siyo juu karibu na boya ambako unaiona. Ni pale chini mnyororo unaponyanyuka na kuangukia mchangani siku nzima, na kwenye zile shekeli, pingu za chuma zenye pini. Lipa mzamiaji mara mbili kwa mwaka, kabla ya kusi na kabla ya kaskazi, mwambie akuletee picha ya sehemu hiyo hiyo. Sisi pete ikiliwa robo ya unene wake tunabadilisha, hatusubiri. Pini ya shekeli ifungwe kwa waya isifunguke, na usichanganye stenlesi na chuma cha zinki kwenye maji ya chumvi maana kimoja kitamla mwenzake.

Ukijumlisha uzito, mnyororo, boya, mzamiaji na siku za kwenda kukagua kutoka Dodoma, kwa boti ndogo kama yetu sioni unachookoa kwa miaka miwili ya kwanza. Kwa anayeishi kisiwani ni kitu kingine. Mimi niliacha. Na kwa kweli naomba mtu asipunguze hela kwenye mnyororo hata siku moja, kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024 sisi tulikuwa hapa Dodoma tunaangalia taarifa za TMA, mamlaka ya hali ya hewa, kwenye simu, mkono unatetemeka, huna unachoweza kufanya ukiwa kilomita mia nne na zaidi kutoka baharini. Kitu pekee kilichokuwa kinatufanyia kazi usiku ule ni chuma kilichokuwa chini ya maji.

Kuileta nyumbani Dodoma

Hii watu wanaiona kama wazimu lakini isikilize. Mvua za Dodoma zinaisha Aprili na hazirudi mpaka mwisho wa Novemba au Desemba. Yaani miezi ile ile ambayo pwani kuna masika na kusi, kwetu ni kukavu kabisa, hakuna hata tone. Boti ikikaa uani unyevu ulioingia kwenye faiba unatoka, vile vidude kama makome vilivyoganda chini vinakufa na kukwanguka, fundi wa hapa anaweza kurekebisha trela na vyuma kwa bei ya huku, na wewe mwenyewe Jumamosi unapiga msasa na rangi ukiwa na watoto badala ya kumlipa mtu usiyemwona.

Gharama kubwa ni usafiri. Kwanza boti itoke kisiwani hadi bara, na hapo usijifanye shujaa, tafuta nahodha mwenye leseni, subiri maji mafu, siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana, na bahari tulivu mwishoni mwa Machi, na hakikisha karatasi za usajili na ukaguzi ziko sawa pande zote mbili. Kutoka Dar ni kilomita kama 450 kwa Fuso. Magari yanapandisha mizigo kuja huku, kwa hiyo kuipandisha ndiyo bei, kuirudisha Septemba unaweza kupata gari linaloteremka tupu ukaelewana na dereva. Sisi tulifanya mara moja tu, mwaka tuliotaka kupaka rangi chini na kuifanyia sevisi kubwa mashine. Kila mwaka haitalipa, labda kila baada ya miaka mitatu.

Ukiwa nayo huku utashawishika kuipeleka Mtera. Ni bwawa zuri, liko njia ya Iringa, lami mpaka pale, na maji baridi yanasafisha njia za maji za mashine ambazo chumvi imeziziba. Lakini lile ni bwawa la kuzalisha umeme, usawa wa maji yake unapanda na kushuka kati ya mita 690 na 698.5 kutoka usawa wa bahari, na kwa vile kando zake ni tambarare maji yanaweza kukimbia mbali sana na ulipoiacha boti. Kwa hiyo usiilaze pale, ishushe asubuhi uipandishe jioni. Omba ruhusa, ongea na wavuvi wa pale wakuonyeshe visiki. Kuna mamba na viboko, watoto wasiogelee, mwiko kabisa. Na isugue ikauke vizuri kabla ya kuihamisha kutoka maji haya kwenda yale, usibebe wadudu wa bahari ukawapeleka bwawani au wa bwawani ukawarudisha.

Kugawana na wenzako

Hapa sitasema mengi. Mkiwa wanne mnahitaji karatasi moja inayosema nani ana asilimia ngapi, nani analipa nini tarehe ngapi, asipolipa miezi mitatu inakuwaje, na anayetaka kutoka fungu lake anamuuzia nani. Sisi tulikuwa hatuna na tulikaribia kugombana na mtu niliyesoma naye tangu sekondari. Mafuta alipe anayepanda, boya na bima tugawane sawa. Kama kuna mwenye boti mwingine wa Dodoma kwenye kisiwa hicho hicho tafutaneni, mkipeleka mzamiaji mmoja siku moja kwa boti tatu bei inashuka, na mtu mmoja akienda anakagua za wote.

Ikishakaa uani

Iweke pua juu kidogo ili maji yakiingia yateremke nyuma, na kizibo cha chini kitoe kiache wazi. Turubai lisiibane boti, acha nafasi hewa ipite, maana jua la Dodoma chini ya turubai lililobanwa linapika kila kitu, viti vinapasuka. Upepo wa Julai na Agosti unajua ulivyo na vumbi, funga mdomo wa mashine na njia za maji kwa kitambaa. Betri itoe iingie ndani, ichaji mara moja kwa mwezi. Panya wanapenda sana sponji za viti, hivyo viti navyo viingie ndani.

Kile kizibo ulichokitoa kifunge kwa kamba nyekundu kwenye usukani, pale pale mkono unapokaa, kwa sababu Septemba boti inashuka majini alfajiri, kila mtu ana furaha, na hakuna anayekumbuka kuangalia chini.